Yanayotupata Ndiyo Yanayotufunza Kusali

  Mwaka huu nimeonelea nitoe maoni juu ya jambo ambalo huwa tunabishania tukirudi nyumbani jioni: kwa nini sisi vijana Wakatoliki tunachoka kusali kila siku, na ni kitu gani kinachoweza kuifufua sala hiyo? Mimi naamini mahubiri husaidia, lakini yanayotupata maishani hufunza zaidi, mradi tuyaelewe vizuri.

Kwanza, swali hili si geni hapa Malindi. Mwaka wa 1542 Mtakatifu Francis Xavier alipita hapa akiwa njiani kwenda Goa, India. Katika barua aliyoiandika mwaka huo huo, alieleza kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji huu alimwuliza kama makanisa ya Wakristo yalikuwa yakijaa watu, na kama wenyewe walikuwa wakisali kwa bidii. Mtu huyo alisikitika kwamba ibada ilikuwa imepungua kwao. Mji ulikuwa na misikiti 17, lakini watu walikwenda katika 3 tu, tena wachache. Hebu fikirini! Watu wa dini mbili wanakutana pwani, na mazungumzo yao ni juu ya kupoa kwa sala. Kwa hivyo tusiseme ati simu na runinga ndizo zilizoua sala. Mwaka wa 1542 simu ilikuwa wapi?

Basi sala hupoa kwa nini? Kwa maoni yangu, ni mazoea. Maneno tuliyofundishwa na katekista tukiwa wadogo, wengi wetu huyatoa mdomoni kama kasuku, nusu tumelala. Isitoshe, sisi wa shule ya kutwa hatuna kengele ya bweni ya kutukusanya. Asubuhi kuna kuchota maji na kukimbilia matatu. Jioni kuna kazi za nyumbani na za shule. Asiyejikumbusha mwenyewe, hakuna wa kumkumbusha.

Nitawapa mfano wa kwetu. Baba yangu ni mvuvi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, lakini tumbo halingoji kaskazi. Mwaka juzi, mwezi wa saba, mashua mbili zilitoka pamoja usiku. Ile ya kina baba ilizimika mashine, ikachukuliwa na mkondo, wakarudi siku ya tatu midomo imewakauka. Ile nyingine ilirudi asubuhi yake na watu watatu badala ya wanne. Aliyekosekana alikuwa mtoto wa jirani yetu, mama Mwislamu ambaye sijapata kumwona akikosa swala.

Siku zile tulipokuwa tukimngoja baba, tulisali rozari usiku kucha. Katika Baba Yetu kuna lile ombi la mkate, ambalo kwa kawaida hupitwa mbio. Usiku ule lilikuwa zito. Niliona kwamba hatuombi mkate wa mwezi wala wa mwaka, tunaomba wa leo tu. Mvuvi analielewa jambo hilo kuliko mtu mwenye ghala. Ndipo nikajua kwa nini sala ni ya kila siku: ni kwa sababu siku zenyewe tunapewa moja moja.

Sasa kuna mwenzangu aliyeniambia, "Wewe unasali kwa sababu babako alirudi. Je, asingerudi?" Hilo ni swali la haki, na limeninyima usingizi. Kwani yule mama jirani alisali kidogo kuliko mama yangu? La hasha! Kama sala ingekuwa bei ya kununulia usalama, yeye angekuwa wa kwanza kuiacha. Lakini hata baada ya matanga kwisha, alfajiri tulimsikia uani kwake akitia udhu kama kawaida. Mama akamwuliza, "Dada, wapata wapi nguvu?" Akamjibu, "Dada yangu, sasa ndipo nina mengi ya kumwambia Mungu."

Jibu hilo limenifunza mengi. Yanayotupata hayaifufui sala kwa kuwa tulipewa tulichoomba. Huifufua kwa kutupa la kusema. Kasuku hana shida yake wala furaha yake, ndiyo maana maneno yake ni matupu.

Wengine watasema kwamba shida ikiisha, sala nayo huisha. Ni kweli, hutokea. Wakati wa mtihani kanisa hujaa, na matokeo yakishatoka viti hubaki vitupu. Kwa hivyo moto ukishawaka lazima utiwe kuni. Kanisa limetupa sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, nayo haichukui hata dakika tano. Ile ya adhuhuri tunaweza kuisali wakati wa chakula cha mchana, wawili watatu chini ya mwembe. Na usiku, kabla ya ishara ya msalaba, kila mmoja ataje moyoni jambo moja lililompata siku hiyo, liwe zuri au baya. Mtaona maneno ya zamani yanakuwa mapya. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenzangu, yule mtu wa mwaka wa 1542 angefufuka leo akasimama langoni mwa shule yetu, akatuuliza kama tunasali kwa bidii, sisi tungemjibu nini? Mimi ningependa tuwe na jibu.