Mnyanya una kiu, wewe unaupa mbolea?

Januari iliyopita, kwenye kibaraza changu hapa Dar es Salaam, nilikuwa na minyanya minne ndani ya ndoo kuukuu za lita 20. Ilikuwa imebeba nyanya za kijani. Mchana mmoja nikaikuta imenyauka, nikadhani ina njaa. Nikamwaga kijiko kikubwa cha urea kila ndoo, juu ya udongo mkavu.

Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zimebabuliwa na moto. Mwanangu, ambaye kila asubuhi huzihesabu nyanya, akaniuliza, "Mama, zinaumwa?"

Zilikuwa zinaumwa kwa mkono wangu. Mbolea za viwandani ni za chumvichumvi. Zikizidi kwenye udongo mkavu, mizizi hushindwa kunywa maji na huungua. Shambani mizizi ina pa kukimbilia, kwenye ndoo haina. Ni kama mtoto anayeharisha: unaanza na maji ya ORS, humkimbizii sahani ya pilau.

Msimu huu wa joto, fuata haya:

1. Maji kwanza. Mwagilia asubuhi mapema hadi yatoke kwenye matundu ya chini. Jua likiwa kali, angalia tena jioni.

2. Mbolea kidogo kidogo. Yeyusha kwenye maji nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko, uweke kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu. Usiweke jua la mchana, wala kwenye mmea ulionyauka.

3. Chagua inayofaa. Urea huongeza majani zaidi kuliko matunda. Mmea ukishazaa, ulizia duka la pembejeo NPK ambayo namba yake ya tatu, ya potasiamu, ni kubwa kuliko ya kwanza.

4. Nyanya ikioza kitako, usikimbilie mbolea. Tunda limekosa kalisiamu, na maji ndiyo huibeba hadi kwenye tunda. Ukimwagilia leo sana, kesho ukasahau, haifiki. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu ukae.

5. Maua yakidondoka, mara nyingi ni joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, chavua haifanyi kazi vizuri. Weka kivuli cha mchana, uvute subira.

Sasa la kiafya, ambalo ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Urea ni nyeupe, na mtoto anaweza kuidhania sukari. Usiihifadhi kwenye kopo la jikoni, wala usiweke mbolea ya maji kwenye chupa ya soda. Iache kwenye mfuko wake, juu, mbali na watoto. Samadi itumike iliyooza vizuri tu, maana mbichi inaweza kuwa na vimelea vya kuharisha. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na nyanya zioshwe kabla ya kuliwa.

Mimi niliimwagia minyanya yangu maji mengi ili chumvi itoke chini. Miwili ilikufa, miwili ikapona. Nyanya ya kwanza kuiva aliila mwenye hesabu zake.

Kwa hiyo kabla hujashika mfuko wa mbolea, ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, chukua kopo la maji.