SEHEMU YA 5: NDOO YA LITA 20 NI MAZOEZI, MAMA

Sehemu ya nne tuliongelea kidonda. Leo ni mazoezi baada ya upasuaji wa urembo, na leo sitabembeleza mtu.

Naanza na wanaosema "hayo mambo ya mastaa, sisi hayatuhusu." Yanatuhusu. Tangu 2023 Muhimbili Mloganzila wanatoa huduma ya kurekebisha maumbile, na wanaoitaka huduma hii sio wasanii tu. Kuna mama wa watoto wanne, ngozi ya tumbo imening'inia na misuli ya katikati imeachana. Amecheza vikoba miaka miwili, amepanda basi, amekwenda Dar, amefanyiwa, amerudi.

Akirudi ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Ameambiwa "usifanye mazoezi wiki sita." Yeye ameelewa: nisiende jimu. Sawa, jimu haendi. Lakini anakaa Bugarika, juu kule kwenye mawe, na bomba likikauka anapandisha maji kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, jamani! Mtu aliyekatwa ngozi ya tumbo na kushonwa misuli hatakiwi kunyanyua zaidi ya kilo nne au tano wiki hizo sita. Mtoto wa mwaka mmoja peke yake ana kilo tisa hivi. Kupiga deki umeinama, kufua mashuka, kusonga ugali wa watu saba, kubeba mtoto mgongoni, yote hayo ni mazoezi, na mazito. Anayemruhusu mgonjwa kwenda nyumbani bila kumuuliza maji anachota wapi hajamaliza kazi yake.

Halafu unakuta ni siri. Mume anajua, wengine wameambiwa "alikwenda kusalimia." Kwa nini? Kwa sababu ya midomo yetu. "Amejitakia." "Si angekimbia tu asubuhi pale Capri Point." Kukimbia hakuondoi ngozi iliyolegea, kwa taarifa yenu. Na mjue hivi: mtu anayeficha upasuaji hawezi kuomba msaada wa ndoo. Mnaomcheka ndio mnaomtwisha.

Sasa makocha wa kwenye simu. "Siku 21 unarudi kwenye fomu!" Wiki ya tatu kovu limefunga kwa nje, ndani bado kabisa. Hata ikifika miezi mitatu, ngozi iliyoshonwa ina takribani asilimia 80 tu ya nguvu yake ya zamani. Ukipiga sitapu wiki ya tatu unavuta mshono wa misuli. Ukiachia, pesa imeenda na tumbo limerudi. Kocha hatakuwepo. Hajui hata ulifanyiwa nini, ameona picha tu.

Lakini na wewe unayelala wiki mbili bila kushuka kitandani, sikubaliani na wewe. Kutembea ni dawa. Siku hiyohiyo au kesho yake wanakusimamisha, hata ukitembea umeinama. Usipotembea damu inaweza kuganda kwenye mguu, bonge likapanda hadi kwenye mapafu, na hilo linaua. Ndio maana naogopa lile basi la Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 umekunja miguu. Usipande mpaka daktari aliyekupasua akubali tarehe. Ukipanda, kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, na kila basi likisimama shuka utembee.

Mpangilio wa kawaida ni huu, ila wa daktari wako ndio unaotangulia:

Wiki 1–2: tembea ndani ya nyumba, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.
Wiki 3–5: tembea nje, njia tambarare. Milima yetu iache kwanza.
Wiki ya 6: rudi ukaguliwe. Ukiruhusiwa, anza vitu vyepesi.
Sitapu, planki na vyuma vizito: kwa waliokazwa tumbo, subiri hadi miezi mitatu hivi.
Waliofanyiwa matiti: hakuna pushapu wala kunyanyua vitu juu ya kichwa wiki sita.
Walionyonywa mafuta tu hurudi mapema kidogo, lakini vazi la kubana usilivue kabla ya ruhusa.

Acha zoezi ukiona uvimbe mpya unaocheza kama una maji ndani, kidonda kinachovuja au homa, na upige simu kwa waliokupasua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, usisubiri asubuhi. Twende hospitali usiku huohuo.

Na mama wa sisheni, usiseme haya sio yako. Wewe pia umepasuliwa tumbo, na kichanga unacho mkononi. Ndoo usiiguse.

Wababa mnaosoma kwa kuchungulia: ulichangia pesa ya upasuaji, asante. Sasa changia wiki sita. Ndoo ni yako, deki ni yako, mtoto usiku ni wako. Mama mkwe, nawe shikamoo, tunaomba usimuite mvivu.

Sehemu ya 6: mikanda ya tumbo inayouzwa mitandaoni. Mtumie jirani yako hii, hasa yule "aliyekwenda kusalimia."