Tusiue sinema ya mwenzetu kwa kicheko



Nataka kusema juu ya kazi tunayofanya kila siku ya posho katika kikundi chetu cha michezo. Wengi mnajua kwamba tunajifunza kuandika senario. Mbele ya kuandika hata ukurasa mmoja, kila mtu anasoma sentensi moja tu ya sinema yake: ni nani, anataka nini, nini inamzuia. Waamerika wanaita sentensi ile logilaini. Kiisha wengine wanatoa mawazo yao. Ni hapo taabu inaanza, na mimi mwenyewe niko na kosa ndani yake.

Posho moja, ndugu mmoja wa darasa la chini alisimama na kartasi yake. Alisema yake ni sinema ya kuogopesha. Akasoma: "Mvuvi mmoja anapotea ziwani, na mdogo wake anaogopa sana." Basi, makelele ikaanza. Mmoja: "Ondoa mvuvi, weka askari!" Mwingine: "Tia msichana, iwe ya mapenzi." Wa tatu akamnyanganya kartasi na kuhesabu makosa ya kuandika. Wa nne akasema "Ni nzuri sana", lakini macho yake yalikuwa inje, kwenye mpira. Na mimi nikasema: "Aa, hii si sinema, ni habari ya redio." Watu walicheka sana. Nilifurahi juu ya kicheko kile, siwezi kuficha. Yeye akakunja kartasi, akaitia mfukoni. Posho iliyofuata hakufika.

Tuseme kweli: nani kati yetu alimsaidia? Yule aliyetaka askari alikuwa anatunga sinema yake mwenyewe katika kinywa cha mwenzake. Yule wa makosa ya kuandika alifanya kazi ya mwalimu wa lugha, tena mbele ya wakati, maana sentensi ile bado itabadilika mara kumi. Na mimi nilitafuta kuchekesha watu.

Kila aina ya sinema iko na kitu inachomwahidi mtu anayekaa kuiangalia. Ya kuogopesha inaahidi woga, ya kutafuta mwuaji inaahidi swali, ya kuchekesha mnajua. Kwa hiyo anayesikiliza sentensi anapaswa kuuliza kwanza kama ahadi ile iko ndani, ao haiko. Chukueni sinema ya kauboi High Noon, ya mwaka 1952. (Sinema za kauboi zilipendwa sana kwetu: katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita Bill juu ya Buffalo Bill.) Mkubwa wa polisi wa mji mdogo ameoa asubuhi ile ile. Anasikia kwamba mwuaji aliyemkamata zamani anarudi na treni ya saa sita kamili, na watu wa mji wanakataa kumsaidia. Hata kanisani anaingia kuomba watu; wanabishana, kiisha anatoka peke yake. Sasa mtu akimwambia mwandishi, "Ongeza farasi, ongeza bunduki," amesaidia nini? Nguvu iko katika saa ile inayokaribia. Swali la kufaa ni: kwa nini hakimbii? Maana mke wake anamwomba waondoke, naye ni mtu wa kanisa la Marafiki, wale wasiokubali kuua. Ukiuliza vile, mwandishi analazimishwa kumjua mtu wake.

Ao tazameni sinema ya Bruce Lee ya mwaka 1971, The Big Boss. Kijana anaenda kufanya kazi katika kiwanda cha barafu huko Thailand, naye amemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena. Ndugu zake wa kazini wanaanza kupotea. Ondoa ile ahadi kwa mama, inabaki ngumi tu. Lakini mimi nina hakika kwamba, kama angesoma sentensi ile katika kikundi chetu, mtu angesema: "Mama wa nini? Toa mama, apigane tangu mwanzo!"

Mwalimu mmoja aliniambia: "Mkianza kuogopa kusema ukweli, hakuna atakayejifunza." Ni kweli. Mimi siombi masifu. Sentensi ya ndugu yule ilikuwa na upungufu mkubwa: "anaogopa sana" haionyeshi kitu. Mtu anayeogopa ziwa si akae nyumbani? Lakini hilo njo swali nililopaswa kumwuliza, na sikuuliza.

Nimemwuliza majuma mawili nyuma, tulipokuwa kwenye bomba la maji. Kwanza alinyamaza. Kiisha akasema: "Hawezi kukaa nyumbani, juu mama na watoto wanakula samaki zake." Nikauliza: na ile ya kuogopesha iko wapi? Akasema kwamba kila usiku, mbali ziwani, taa ya mtumbwi wa kaka yake inawaka na kumwita. Nilisimama pale na ndoo yangu kama mjinga. Yote ilikuwa katika kichwa chake tangu ile posho, wala hakuna aliyeuliza!

Rafiki yetu mmoja wa Kalemie alikuwa anasikiliza. Yeye akasema jambo moja tu: wavuvi wa ndagala wanatoka na taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi. Hakusema "badilisha". Mwenye sinema akafikiri, akaandika kwa kalamu juu ya mkono wake. Siku ya pili alinionyesha hii:

"Kijana anayeogopa ziwa anapaswa kuvua kila usiku wa giza ili mama na wadogo wake wale, lakini taa ya kaka yake aliyezama inamwita mbali zaidi, na mwezi hautatoka mpaka siku sita."

Zile siku sita ni zake mwenyewe.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Alikubali, mradi nisiguse hata neno moja la sentensi yake. Kurudi siku ya posho bado hajaahidi. Alisema atakuja kwanza kukaa nyuma na kusikia namna tunavyosema na mwingine.