Upinde wa Mwindaji na Swala ya Alfajiri



Katika safu hii tumekuwa tukiwausia wazazi wayajue mambo yanayoshughulisha nyoyo za watoto wao kabla ya kuyatolea hukumu. Leo tunalileta jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalistaajabia, nalo ni uchaguzi wa njia ya ujuzi anaoufanya kijana anapocheza na mhusika mwenye upinde katika mchezo wa kompyuta unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti. Uchaguzi huo huonekana kuwa ni mambo ya mchezo tu, lakini aghalabu ndio unaoamua kijana atalala saa ngapi na ataamkaje mwadhini anapoita.

Tuchukue mchezo mmoja ulio mashuhuri. World of Warcraft ulitolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwezi Novemba 2004, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikaurudisha kwa sura yake ya awali chini ya jina la World of Warcraft Classic. Katika toleo hilo la awali mchezaji humuunda mhusika, humchagulia kazi, kisha humkuza kutoka daraja la 1 hadi la 60. Miongoni mwa kazi hizo imo ya mwindaji, ambaye hupiga kwa mbali kwa upinde au bunduki, naye hufuatana na mnyama aliyemfuga.

Mwindaji afikapo daraja la 10 hupata mambo mawili: uwezo wa kufuga mnyama, na pointi yake ya kwanza ya kipaji. Tangu hapo kila daraja humwongezea pointi moja, hata akifika la 60 huwa amekusanya pointi 51. Pointi hizo huwekwa katika miti mitatu ya ujuzi, na kipaji kilicho kileleni mwa mti hakipatikani mpaka pointi 30 ziwe zimekwisha kutumika chini yake. Hesabu yake ni nyepesi. Vilele viwili vingehitaji pointi 62, naye anazo 51 tu. Hana budi kuchagua.

Mti wa kwanza ni wa wanyama. Anayeupanda humtia nguvu mnyama wake, ambaye humkabili adui uso kwa uso na kuyapokea mapigo, huku bwana wake akipiga mishale kwa usalama. Mnyama huyo hutaka kulishwa, na akipuuzwa utiifu wake hupungua na mwisho huweza kumkimbia. Huu ndio mti unaosifiwa na wachezaji kwa safari ya peke yako, kwani anayeufuata hana haja kubwa ya msaidizi mwingine.

Mti wa pili ni wa shabaha. Hapa nguvu yote huelekezwa kwenye mshale wenyewe, na kileleni kipo kipaji kinachowaongezea nguvu ya kushambulia wenzake wa kikosi walio karibu naye. Zingatieni neno hilo, wenzake. Kipaji cha namna hiyo hupata thamani yake kamili pale tu mtu anapokuwa ndani ya kundi.

Mti wa tatu ni wa kujihami. Huu ni wa mitego, wa wepesi wa mwili, na wa kujiokoa adui anapokaribia mno. Maana katika toleo hilo la awali mwindaji hawezi kumpiga kwa upinde adui aliye ndani ya yadi 8. Kileleni mwake upo mshale unaomlaza adui usingizi.

Mzazi atauliza: nami yananihusu nini haya? Yanakuhusu kwa sababu kila mti unamwelekeza mwanao kwenye namna fulani ya kuzitumia saa zake. Anayecheza peke yake na mnyama wake anaweza kusimama aonapo imefika saa ya swala, akatoka mchezoni bila ya kumdhulumu mtu. Ama anayejenga shabaha kwa ajili ya kundi, huyo anajiandaa kwa misafara ya pamoja, ambayo mikubwa yake katika toleo hilo hukusanya watu 40 kwa wakati mmoja, kila mmoja na wajibu wake. Msafara huo huchukua saa nyingi, wala hakuna kitufe cha kuusimamisha dunia nzima ikangoja. Akiondoka mmoja katikati ya pambano, wengine huweza kushindwa kwa sababu yake.

Hapa ndipo ugomvi wa majumbani unapozaliwa. Mama anasema, "Zima sasa hivi!" Kijana anajibu, "Subiri kidogo, mama." Mama anaona utovu wa adabu, naye kijana anajiona amebanwa kati ya mama yake na watu 39 aliowapa ahadi. Haki ya mzazi ni kubwa na haina mshindani. Lakini mzazi mwenye hekima hungoji mpaka mwanawe awe tayari amefunga ahadi na watu, kisha ndipo aje kumtaka aivunje.

Liko na jambo la saa. Kijana wa Afrika Mashariki anayejiunga na seva za Ulaya hucheza na watu wanaoipanga misafara yao kwa jioni ya kwao. Saa 2 usiku ya Paris wakati wa baridi ni saa 4 usiku ya Dar es Salaam na Mombasa. Msafara wa saa tatu ulioanza hapo humalizika saa 7 usiku. Kijana huyo huenda ameiswali Isha vizuri kabisa, wala mzazi asione kasoro. Swala inayoumia ni ya Alfajiri, kisha somo la saa 2 asubuhi, ambalo mwalimu huliona likipokewa kwa kusinzia.

Kwa hiyo tunashauri mazungumzo yafanyike mapema, kabla ya daraja la 10 ikiwezekana. Keti na mwanao, mwambie akuonyeshe miti yake mitatu. Muulize mambo matatu: Unakusudia kucheza peke yako au na kundi? Kundi hilo ni la akina nani, nao hukutana saa ngapi kwa saa zetu? Na ukiitwa na swala au na mzazi, njia yako ya kutoka ni ipi? Kijana anayejibu maswali hayo kwa ukweli amekwisha kujifunza kupanga. Kwa nyumba yenye watoto wa shule, rai yetu ni mti wa wanyama katika siku za masomo, na kama ni kundi, liwe la watu wachache wanaojulikana, tena mchana wa siku ya mapumziko. Mti haumfungi mtu moja kwa moja. Mwenye shabaha huweza kutembea peke yake, na mwenye mnyama huweza kujiunga na msafara. Lakini ni vizuri nia ijulikane.

Mafunzo ya kuweka ahadi kabla ya pambano tunayo sisi Waislamu tangu zamani. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaweka warusha mishale 50 juu ya kilima chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamuru wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote mpaka yeye awaagize. Ahadi yao ilijaribiwa ngawira zilipoonekana uwanjani. Wengi wao waliteremka, wapanda farasi wa Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hajasilimu, wakazunguka kwa nyuma, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Upinde walikuwa nao na shabaha walikuwa nayo. Kilichokosekana ni kubaki katika ahadi wakati nafsi inatamani kitu kilicho mbele ya macho. Mwambie mwanao kisa hiki, kisha muulize: hazina ya mchezo inapogawanywa na saa mliyokubaliana imefika, utabaki kilimani?

Tusisahau pia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Masahaba zake kujifunza kurusha mishale, ila mshale wa kwenye kioo haumzoezi mtu bega wala kifua. Isitoshe, mchezo huu una mambo ya uchawi. Zimo kazi za wachawi na za watu wanaotumikisha mashetani, na hata mwindaji anao mshale wenye nguvu za kichawi. Hukumu ya hayo tunawaachia masheikh, na mzazi mwenye wasiwasi na amuulize sheikh wake kabla ya kulipa ada ya mwezi.

La mwisho ni hili. Katika toleo hilo la awali, mchezaji akijuta huweza kurudishiwa pointi zake zote na kuzipanga upya. Mara ya kwanza hulipa kipande 1 cha dhahabu ya mchezo, mara ya pili 5, kisha 10, na gharama hupanda hadi kufikia 50. Vijana hulalamikia gharama hiyo na hufikiri sana kabla ya kuweka pointi moja. Basi na tuwaonyeshe kwamba nao wamepewa pointi nyingine, ndizo saa za usiku na mchana, ambazo Allah (s.w.t.) ameapa kwa wakati wake katika Suratul Asr. Hizo zikishatumika hakuna wa kumlipa dhahabu azirudishe.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) awahifadhi vijana wetu, na atupe sisi wazazi subira ya kuketi nao na kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.