Fundi aliyekufa na siri yake

Waandishi wenzangu wa programu, leo tumtazame fundi mmoja wa kabla ya kompyuta. Aliitwa James Short, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1710. Alitengeneza darubini za kuakisi zipatazo 1,370, nyingi akiwa London.

Kioo chake hakikuwa cha gilasi bali cha metali: shaba nyekundu na bati, vikayeyushwa pamoja na kusuguliwa hadi kung'aa. Kazi ilikuwa kwenye umbo. Kioo kikibonyea kama kipande cha tufe, miale ya ukingoni na ya katikati haikutani mahali pamoja, na nyota inaonekana kama ina ukungu. Dawa yake ni parabola. Tofauti ya maumbo hayo mawili ni ndogo kuliko unene wa unywele, na Short aliipata kwa mkono!

Tena kila darubini aliichora nambari tatu: ya ngapi kwa ukubwa huo, ya ngapi kati ya zote alizotengeneza, na urefu wa fokasi kwa inchi. Mpangilio safi kabisa, hapo nampa heko.

Lakini namna ya kusugua aliificha. Alifariki mwaka 1768, na inasimuliwa kwamba aliagiza zana zake ziharibiwe. Sasa fikiria mteja wake. Metali ile hufifia kwa unyevu, na kuing'arisha upya kunaweza kuharibu parabola. Fundi hayupo, maelezo hayapo. Utampelekea nani?

Mwaka 1777 John Mudge, daktari wa Plymouth, alichapisha maelekezo ya kutengeneza vioo hivyo, akatunukiwa nishani ya Copley. Naye William Herschel, mwanamuziki, alijifunza kutoka kitabu cha Robert Smith cha 1738. Mwaka 1781, kwa darubini aliyojitengenezea, akaiona sayari ya Uranus.

Utasema Short alikuwa akilinda ugali wake. Sawa, linda soko lako ukiwa hai, sina neno. Lakini kuchoma zana ni kuwaadhibu waliokulipa. Nimewahi kurithi mfumo wa malipo usio na mstari hata mmoja wa maelezo. Ilibidi tuuandike upya wote, na mteja ndiye aliyegharamika.

Basi leo kabla hujazima kompyuta, andika ukurasa mmoja tu: mfumo wako unawashwaje, data inakaa wapi, na nini hakifai kuguswa.