Shaba Ilipita Changamwe, Maji Yakabaki Kasese

Na Mwanasiti Bakari

Reli ilifikishwa Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956 kwa ajili ya shaba. Mawe yalichimbwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, shaba ikayeyushwa Jinja, kisha ikateremshwa kwa treni hadi bandari ya Kilindini, Mombasa. Ilipita hapa Changamwe, wazee wetu wakiiona, ikapakiwa melini. Mgodi ulisimama mwaka 1982, baada ya kutoa takriban tani milioni 16 za mawe. Shaba ilikwenda zake. Maji yangali yanatoka.

Mawe ya Kilembe yana pairaiti, yaani chuma kilichoshikana na salfa. Yakiwa yamelala ardhini pasipo hewa, hayana neno. Yakishapasuliwa, hewa na maji yakayafikia, huzaa asidi kali, na asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli zilizosalia miambani. Hakuna tarehe ya kufunga mgodi inayosimamisha kazi hiyo. Maji ya mashimoni na yale yapitayo kwenye malundo ya mabaki huishia mto Nyamwamba, na mto huo unaelekea Ziwa George. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyakumba malundo hayo na kuyasomba. Watafiti waliopima maji ya huko walikuta baadhi ya metali zikizidi kiwango cha maji ya kunywa.

Chini ya mlima, mjini Kasese, palilundikwa karibu tani milioni 1 za pairaiti. Mvua iliichuruzisha sumu yake hadi ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ikaacha ukanda mtupu usioota hata jani. Kuanzia mwaka 1999 kampuni moja ilitumia bakteria kuitoa kobalti ndani ya lundo hilo, na takataka ikawa mali. Naipenda habari hiyo, lakini ardhi ilikuwa imekwisha kuungua.

Dawa ya maji ya namna hii inajulikana, na sisi watu wa pwani tunaijua kwa jina: chokaa. Ukiikoroga ndani ya maji, asidi hupoa, metali hujitenga na kutuama kama tope. Tope lenyewe lahitaji mahali pa kuhifadhiwa, na maji yapimwe masika na kiangazi, juu ya mgodi na chini yake, mtu wa kazi hiyo akilipwa mshahara hata miaka 30 baada ya mchimbaji wa mwisho kuondoka. Chokaa si ghali. Ghali ni miaka. Fedha ya miaka hiyo isipotengwa mapema, madini yakiwa bado yanauzwa, haitapatikana tena.

Nayasema haya kwa sababu ya Kwale. Tangu Februari 2014, mchanga wa titani wa kampuni ya Base Titanium, uliochimbwa huko, ulisafirishwa kupitia gati la Likoni. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, miezi michache baada ya kampuni mama kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Kwale si Kilembe: pale palichimbwa juu ya ardhi, na ilmenaiti, rutaili na zikoni si mawe ya salfa. Hata hivyo ardhi imepinduliwa, mabaki yamehifadhiwa bwawani, na wanakijiji wa jirani wanachota visimani. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kurekebisha mazingira. Mwananchi wa Msambweni ana haki ya kujua dhamana hiyo ni shilingi ngapi, iko wapi, na itatumika hadi lini.

Huku Likoni, maji mengi ya bomba yanatoka visima vya Tiwi, mbali na machimbo hayo. Lakini mama anayenunua mtungi wa lita 20 kwenye kioski hapewi karatasi yoyote inayosema maji yale yalipimwa lini na yalikutwa na nini. Tumezoea kuamini kwa macho, na metali iliyoyeyuka haionekani kwa macho.

Mikindani tumelipa gharama ya mazoea hayo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru mwaka 2007, kikafungwa 2014. Maji yake machafu yalikuwa yakiingia kijijini, na watoto wakakutwa na madini ya risasi katika damu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walipigana mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuamuru udongo na maji yasafishwe. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka 10.

Kwale bado ni mapema. Wizara ya Madini, mamlaka ya mazingira NEMA na kaunti ziwapelekee wanakijiji vipimo vya visima vya kila msimu, visomwe barazani kwa Kiswahili na Kidigo, vikiwa na takwimu za kabla ya 2014 kando yake ili mtu alinganishe mwenyewe. Na meli ya mgodi mwingine wowote isitie nanga Likoni kabla fedha ya maji ya baada ya kufunga haijawekwa benki, kwa jina ambalo mnunuzi mpya wa kampuni hawezi kulifuta.