Beni-Butembo: wamama wanatumika sana, mbona mfuko wao ni mwepesi?

Angalia barabara za Butembo asubuhi mapema, kabla ya maduka kufunguliwa. Utaona wamama wanateremka kutoka vilimani na mizigo ya sombe, muhogo na makala mgongoni, wakielekea soko. Jioni bado wako pale, mbele ya meza ya nyanya ao ya mafuta ya mawese. Mtu asituambie basi kwamba wanawake wa kwetu hawapendi kazi. Kazi wanayo. Wanachokosa ni mapato yanayolingana na jasho lao.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haiko nyuma. Katiba ya 2006, kipengele cha 14, inaamuru leta kuondoa kila aina ya ubaguzi juu ya wanawake. Kanuni ya kazi ya 2002 inasema kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa vinalipwa mshahara sawa, mtumishi awe mwanaume ao mwanamke. Na tangu Julai 2016, mwanamke aliyeolewa halazimishwi tena kuomba ruhusa ya bwana yake ili asaini mkataba, kama ilivyodai kanuni ya jamaa ya 1987.

Shida ni kwamba sheria hizo zinamlinda kwanza mwenye mkataba. Mwajiriwa akijifungua, kanuni ya kazi inampa wiki 14 za mapumziko na theluthi mbili ya mshahara. Muuzaji wa sombe akijifungua, kila siku anayobaki nyumbani ni siku bila franka, na mtaji unaliwa na watoto. Mwaka 2023, Claudia Goldin wa Marekani alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wake juu ya kazi za wanawake. Alionyesha kwamba katika nchi tajiri, sehemu kubwa ya tofauti ya mapato inaanza mama anapozaa mtoto wa kwanza. Kwetu hapa mtoto huyo yuko mgongoni mwa mama sokoni, na hakuna anayeihesabu kazi hiyo.

Kuna pia ardhi. Kanuni ya jamaa inamtambua binti kuwa mrithi sawa na kaka yake, lakini katika familia nyingi shamba linabaki kwa wavulana. Kwenye mashamba ya kakao ya Beni na ya kahawa ya Lubero, mwanamke anapalilia, anavuna, anaanika. Siku ya kupima kilo na kuhesabu dola, anaitwa mwenye shamba. Bila karatasi ya ardhi, mama hana cha kuweka rehani ili apate mkopo mkubwa. Anabaki na likelemba, ambayo inasaidia kulipa shule, lakini hainunui lori. Na tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 kandokando ya Beni, hata kufika shambani ni kuchezea uhai.

Na kazi za mshahara zikifika? Tuliona wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kwa muda huo kazi za kulipwa dola zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mwenzetu wa Kongo, ilitoa ripoti yake. Ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa watumishi wa OMS. Kuna wanawake walioeleza kwamba waliombwa ngono ili wapewe kazi ao wabaki kazini.

Wengi waliisoma ripoti hiyo kama habari ya aibu tu. Mimi naisoma pia kama habari ya mshahara. Mwanamke akidaiwa mwili wake ili apate kazi ambayo mwenzake alipata kwa diploma, malipo yao hayako sawa, hata kama karatasi inaonyesha dola zilezile.

Kuna watakaosema vijana wanaume nao hawana kazi, na wengi wameishia kwenye moto. Ni kweli, na inaumiza. Lakini motari hadaiwi usiku mmoja ili apewe usukani.

Yanayoweza kufanyika hayangojei amani yote irudi. Kila shirika na kila mradi wa leta utangaze hadharani kazi na mshahara wake, uweke wanawake kati ya wanaochagua, na malalamiko yapokelewe na mtu asiye chini ya bosi yule yule. Wakuu wa miji ya Beni na Butembo, wanaokusanya kodi sokoni kila siku, watenge sehemu yake kwa nyumba ya kulelea watoto karibu na soko. Na sisi majumbani: jina la binti liandikwe kwenye karatasi ya shamba, na siku ya kuuza kakao, aliyevuna awepo pesa zikihesabiwa. Hili la mwisho halihitaji bajeti ya Kinshasa. Linahitaji bwana na bibi kuketi meza moja.